Chokaa ya Serikali

Ipo nchi moja ambayo jina lake halina haja ya kutajwa, kwa sababu wenyeji wake wanalijua na wageni hawaliulizi. Nchi hiyo haina bahari. Pwani iliyo karibu nayo iko mwendo wa siku kumi na mbili kwa miguu, na katikati kuna nchi nyingine mbili ambazo mpaka sasa hazijaonyesha dalili ya kuondoka. Hata hivyo, mwanzoni mwa karne iliyopita, Serikali ya nchi hiyo ilipotaka kuwa na sheria ya afya, ilinakili sheria ya nchi ya pwani neno kwa neno, kwa kuwa ilikuwa imechapwa vizuri na ilikuwa na jalada la kijani. Ndiyo maana vifungu sitini vya kwanza vya sheria ile vinahusu meli.

Mji wa Kitulizo ulivitii vyote sitini. Juu ya kilima kilijengwa kibanda cha karantini chenye vitanda ishirini kwa ajili ya mabaharia watakaoshuka wakiwa wagonjwa. Bendera ya njano ilinunuliwa, ikakunjwa, ikawekewa dawa ya nondo isiliwe na wadudu. Hatimaye akateuliwa Bwana Afya, naye ni Bwana Idarusi, aliyekuwa Mkuu wa Bandari ya Kitulizo kwa miaka kumi na mmoja. Katika muda wote huo hakuna meli hata moja iliyozama bandarini kwake, na sifa kama hiyo haiwezi kupuuzwa na serikali yoyote yenye busara.

Chini ya Bwana Idarusi alikuwapo karani mmoja, Masudi Kheri. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, hati yake ilisomeka kama chapa, na aliamini kwamba jambo lililoandikwa ndilo lililotokea. Imani hiyo si mbaya. Nchi nyingi zimesimama juu yake, na zile zilizoanguka ziliandika kwamba zimesimama.

Mwaka huo, mvua za masika zilipoanza kupungua, kipindupindu kiliingia Kitulizo bila kibali. Katika wiki ya kwanza walikufa watu tisa. Bwana Idarusi aliifungua sheria yenye jalada la kijani. Yeye husoma sheria kwa kuanzia mwisho, kama asomavyo barua, ili ajue kwanza inataka nini. Mstari wa mwisho kabisa ulisema kwamba mkaguzi ataweka alama ya duara kwa chokaa mlangoni mwa nyumba. Akafunga kitabu, akaitisha mkutano sokoni.

"Ndugu wananchi," alisema, "ugonjwa ni adui mwoga. Hupenda kujificha katika nyumba ambazo hazijaandikwa. Nyumba iliyoandikwa huiogopa, kama mwizi aiogopavyo nyumba yenye taa. Hatutampiga adui huyu kwa dawa, kwa maana dawa ziko mji mkuu, na mji mkuu unazihitaji. Tutampiga kwa takwimu."

Watu walipiga makofi. Wachache waliuliza takwimu inanywewa kabla ya chakula au baada.

Siku ya pili ilibandikwa Amri Namba Saba. Ilisema kwamba nyumba yenye duara ni nyumba yenye afya, na kwamba mtu atakayeugua ndani ya nyumba yenye afya atahesabiwa kuwa ametoa ushahidi wa uongo kwa mwili wake. Ilisema pia kwamba nyumba zote mia sita na arobaini za Kitulizo ziwe na duara kabla ya Alhamisi ya wiki iliyofuata, kwa sababu Mkuu wa Jimbo alikuwa anakuja kuyahesabu.

*

Kazi ya kuweka maduara alipewa Masudi. Msaidizi wake alikuwa Chande, mpaka chokaa wa Serikali, mtu mzima mwenye goti bovu na maneno mazima, ambaye alibeba debe la chokaa kwa mkono mmoja na brashi kwa mkono mwingine.

Siku ya kwanza Masudi alikagua. Alibisha hodi, akaingia, akatazama vitandani na chini ya vitanda, akafunua mitungi, akaenda uani kutazama choo na kisima, akapima kwa hatua umbali kati ya kimoja na kingine. Penye kasoro alieleza, akasubiri irekebishwe, ndipo akapaka duara. Jioni alikuwa na nyumba kumi na nne.

Bwana Idarusi aliitazama hesabu kwa muda mrefu.

"Kumi na nne," alisema. "Masudi, unakagua nyumba au unaposa?"

Siku ya pili Masudi alikagua kwa kusimama mlangoni, akapata nyumba thelathini na moja. Siku ya tatu aligundua kwamba kuingia kunachukua muda na kupaka hakuchukui. Akapata nyumba tisini.

"Bwana Karani," alisema Chande wakirudi ofisini, "mguu wangu unakushukuru. Roho yangu ina maswali mawili matatu, lakini mguu unakushukuru."

Tangu siku hiyo walipita mitaani kama wapigao randa. Masudi alitumia mkono wa kushoto, na duara lake liliacha mwanya mdogo upande wa chini, upana wa kidole, pale brashi ilipoanzia na kushindwa kufika. Walipaka maduka. Walipaka machinjio. Walipaka lango la makaburi, ambamo kwa kweli hapakuwa na mgonjwa. Gereza walilipaka asubuhi moja wakiwa njiani kwenda mtaa mwingine, na Masudi hakuingia hata kumsalimu askari wa zamu.

Nyumba ya mia mbili na kumi na moja ilikuwa ya Bi Mwanahawa.

Bi Mwanahawa alikuwa mjane, mshona kofia, na kofia zake zilivaliwa na nusu ya wanaume wa Kitulizo, pamoja na Masudi mwenyewe. Alikuwa mtu wa Mabondeni, na Masudi ni mtu wa Mlimani. Zamani watu hawa walipigana vita kwa sababu ya ng'ombe mmoja, ambaye leo kila upande unakana kuwa aliwahi kuwa wake. Vita vilipokwisha wakawa watani. Mtani anaweza kukutukana mpaka kwa babu yako nawe huna ruhusa ya kukasirika, na ukifa yeye ndiye hutangulia kushika jembe, na yeye ndiye huwachekesha waliofiwa.

Masudi alikuwa ameshachovya brashi wakati pazia la mlango liliposogezwa.

"Hodi hakuna, ila chokaa ndiyo hii," alisema Bi Mwanahawa. "Nyie wa Mlimani hamkufundishwa kubisha?"

"Tulifundishwa, bibi. Ila tuliambiwa tubishe penye nyumba za watu."

"Ingia basi, mla panya wewe, ukakione kisima changu. Tangu Jumatatu maji yananuka kama babu yako."

"Babu yangu alioga kila Ijumaa."

"Ijumaa ya mwaka gani?"

Chande alicheka hadi chokaa ikamwagika. Bi Mwanahawa hakucheka. Kwa mkono mmoja alishika kofia yenye sindano iliyochomekwa, na kwa mkono mwingine alilishika pazia, akalisogeza mpaka mwisho, uani kukaonekana.

"Ingia tu, mtani wangu," alisema. "Ni hatua chache."

"Nikiingia nitakuta mmepika mlenda, nami leo sikuvaa nguo za kula mlenda."

Akapaka duara. Lilikuwa zuri, na mwanya wake chini.

Bi Mwanahawa alilitazama. "Haya," alisema. "Nimeshapona, basi." Akaliachia pazia.

Jambo moja lisemwe hapa, kwa kuwa hadithi hii haina sababu ya kumficha mtu. Masudi alijua kwamba mwanamke yule hakuwa anatania. Mtani anapotania hukutazama usoni apate kuona limekuchoma wapi. Bi Mwanahawa alikuwa anatazama uani. Masudi aliliona hilo, akalipima, akalinganisha na nyumba zilizosalia siku ile, ambazo zilikuwa arobaini na sita, akachagua kusikia utani.

*

Alhamisi ile Mkuu wa Jimbo alifika akiwa amebebwa kwa machela. Aliyahesabu maduara bila kushuka, akayakuta mia sita na arobaini na manne, yaani Kitulizo kilikuwa na afya kuliko idadi ya nyumba zake. Alitoa hotuba fupi ya saa mbili. Bwana Idarusi alikabidhiwa cheti kilichoandikwa "Mji Usiougua", nacho kikatundikwa ofisini mahali ilipokuwa ramani ya visima.

Tatizo lilikuwa dogo, nalo lilikuwa la wagonjwa. Waliendelea kuugua. Nyumbani haikuwezekana, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na duara na Amri Namba Saba ilikuwa na askari. Karantini ya kilimani iliwakataa, kwa kuwa haikuwapo hati ya kuonyesha kwamba ni mabaharia. Ndugu zao wakagundua kwamba barabara haina duara. Basi Kitulizo pakaanza kuonekana watu wakiwatembeza wagonjwa wao, mmoja kwapa hili na mwingine kwapa lile, wakishuka na barabara ya sokoni na kupanda ya mahakamani tangu asubuhi. Wageni waliopita waliusifu mji kwa watu wake wapendao kutembea.

Bi Mwanahawa alikataa kutembezwa. Alimwambia binti yake, Mwanamvua, kwamba amelipia nyumba ile kwa vidole vyake na atafia ndani yake, na Serikali ikitaka imshtaki. Alifariki siku ya sita tangu kupakwa duara, saa nne asubuhi, ndani ya nyumba yenye afya.

Habari zilifika ofisini kabla ya adhuhuri. Masudi alifungua daftari la vifo. Aliandika jina. Aliandika mtaa. Aliandika namba ya nyumba, mia mbili na kumi na moja. Alipofika kwenye safu ya sababu, kalamu ilisimama.

"Andika," alisema Bwana Idarusi, "alifariki akiwa na afya."

"Bwana Mkubwa, ni kipindupindu."

"Nyumba ina duara?"

"Inalo. Nililiweka mimi." Masudi aliweka kalamu chini. "Nililiweka bila kuingia. Aliniomba niingie nikione kisima, sikuingia. Nyumba tano zinachota pale. Naomba iandikwe kwamba nimekosa, duara lifutwe, na kisima kifungwe leo."

Bwana Idarusi hakukasirika. Alikuwa mtu mwema, na alisogeza kiti chake karibu.

"Masudi, mwanangu, unajitwika mzigo usio wako. Karani hakosei. Karani hunakili. Kosa ni jambo la ngazi za juu, na ngazi za juu hazijaripoti kosa lolote. Hebu tazama." Akaelekeza kidole kwenye cheti. "Nikifuta duara moja, yatabaki mia sita na arobaini na matatu. Mkuu wa Jimbo ameyahesabu mwenyewe, kwa kidole chake. Unataka kusema kidole cha Mkuu wa Jimbo kinasema uongo?"

"Sisemi kidole. Nasema kisima."

"Kisima kiko ndani ya nyumba yenye duara, kwa hiyo ni kizima. Ukitaka kukiri, jaza fomu ya kukiri."

"Ipo?"

"Haipo," alisema Bwana Idarusi kwa upole. "Andika."

Masudi aliandika kwamba alifariki akiwa na afya. Hati yake, kama kawaida, ilisomeka kama chapa. Alikausha wino, akaona kwamba herufi hazikutetemeka hata moja, na hilo likamchoma kuliko kama zingetetemeka.

*

Matanga yaliwekwa uani kwa Bi Mwanahawa, chini ya turubai. Masudi alikwenda kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa mtani, na mtani asiyefika matangani hutafutwa. Ya pili, alikuwa ameamua kwamba ikiwa ofisi haina fomu, watu wanayo masikio.

Alipovuka kizingiti alihesabu. Kutoka mlangoni hadi kisimani zilikuwa hatua kumi na moja. Alirudi akahesabu tena, kwa kuwa hakupenda kutegemea hesabu ya mara moja. Kumi na moja. Kati ya kisima na shimo la choo cha jirani, lililojaa na kubomoka kwa mvua, zilikuwa sita. Mtu hakuhitaji kusoma ili alione lile. Mtu alihitaji kuingia tu.

Mwanamvua alikuwa anawapa waliokuja kikombe cha maji, kila mmoja kwa mikono miwili, kama ilivyo adabu. Alipomfikia Masudi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu juzi, maana aliona mtani amefika.

"Chelewa ufike, Mlimani. Tulidhani mmeshindwa kushuka."

Masudi alikipokea kikombe. Akakinusa, akakimwaga chini.

"Msinywe maji haya," alisema.

Wazee wa Mabondeni wakaangua kicheko. Kwa watani hao, mtu wa Mlimani asipotukana chakula cha matanga ya Mabondeni, waliofiwa huona wamedharauliwa.

"Mtani kaanza!" alisema mzee mmoja, akipangusa macho. "Maji tu, hujaufikia wali."

"Sitanii, mzee wangu. Maji haya ndiyo yaliyomuua Bi Mwanahawa. Mtu akinywa atamfuata."

"Si ndivyo alivyosema babu yake kwenye matanga ya mjomba?" mwanamke mmoja aliwaambia wenzake. "Alisema pilau imemuua marehemu kwa kukosa nyama."

Wakacheka tena. Masudi alipanda juu ya kinu apate kuonekana. Hilo nalo ni jambo la watani, ila yeye hakulikumbuka.

"Nisikilizeni. Mimi ndiye niliyepaka duara lile mlangoni. Sikuingia. Alinifunulia pazia, akaniambia niingie, nami nikapaka nikaenda zangu. Maduara ya mji huu nimeyapaka mia tano na tisini na tisa bila kuona lililomo ndani. Niliyaita ukaguzi. Nimeandika katika daftari la Serikali kwamba Bi Mwanahawa alifariki akiwa na afya."

Kwa hapo watu hawakujiweza. Mzee mmoja ilibidi ashikwe. Kufariki akiwa na afya! Walilirudia mmoja kwa mwingine mpaka likafika kwa waliokaa nje barabarani, nao wakacheka kwa kuchelewa. Hata Mwanamvua alicheka, machozi yakimtoka, akiwa ameegemea mlango.

"Mama angekupenda leo," alisema. "Nyamaza sasa, mtani, utatuvunja mbavu. Mpeni chake anyamaze."

Desturi ni kwamba mtani anayechekesha kupita kiasi hupewa kitu ili aache. Walimpa jogoo mwekundu, mzima, miguu imefungwa. Masudi alisimama juu ya kinu na jogoo kwapani, akawatazama wakipokea vikombe kutoka kwa Mwanamvua, wakinywa, wakicheka, wakinywa tena.

Alirudi nyumbani kwa miguu akiwa na jogoo yule. Njiani watu saba walimpongeza.

*

Kesho yake asubuhi, watu wawili kati ya waliokuwa matangani walionekana barabarani wakitembezwa.

Masudi aliingia ofisini mapema akakitoa kitabu chenye jalada la kijani. Alikisoma kwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo halikuwahi kufanywa Kitulizo. Alisoma kuhusu nanga, kuhusu panya wa shehena, kuhusu nahodha anayekataa kupandisha bendera. Alipita vifungu sitini. Cha sitini na moja, ambacho ndicho cha mwisho, kilisema hivi: "Katika kila kisima itatiwa chokaa, madebe manne, na kisima kitafungwa siku tatu. Baada ya hapo mkaguzi ataweka alama ya duara mlangoni kwa chokaa itakayobaki."

Alikisoma mara mbili. Chokaa ilikuwa ya visimani. Duara lilikuwa ni la mabaki.

Ghala la Serikali lilikuwa na madebe sabini na mawili, yaliyokaa humo tayari kwa maduara ya mwaka unaofuata. Masudi alichukua manne na mkokoteni. Chande alimkuta anayapanga.

"Hiyo ni chokaa ya Serikali," alisema Chande.

"Ndiyo."

"Na unakoipeleka ni kisima cha watu."

"Ndiyo."

"Vikikutana hivyo viwili, mtu atafungwa."

"Mimi."

"Nilitaka kujua tu kama si mimi," alisema Chande, akashika upande wa pili wa mkokoteni.

Walifika mchana, jua kali, wanawake wa nyumba zile tano wakiwa kwenye foleni na ndoo zao. Safari hii Masudi alibisha hodi. Aliingia, akatembea hatua kumi na moja, akamimina debe la kwanza. Maji yakachemka, yakawa meupe kama uji. Wanawake walicheka. Alipomimina la pili walitazamana. La tatu lilipoingia Mwanamvua alimshika mkono.

"Masudi, basi. Utani una mpaka wake."

"Najua," alisema, akamimina la nne.

Hapo hakuna aliyecheka. Utani wa Mlimani na Mabondeni unaruhusu mtu kutukana kaburi, kuficha jembe, kulala juu ya jeneza na kudai apewe mto. Kisima hauruhusu, na hilo hata watoto wanalijua. Mwanamke mmoja alimpiga kwa kata. Mwingine alikwenda kumwita askari. Masudi alikaa chini pembeni ya kisima akangoja, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya duara alihisi kwamba watu wanamtazama kwa jicho alilolistahili.

Takwimu zilizofuata zipo, na zinaweza kutajwa bila kuongeza chumvi. Katika nyumba zile tano hakuugua mtu mwingine. Nyumba hizo zilichota mtoni, mbali, zikamlaani Masudi kila asubuhi kwa siku kumi, zikabaki hai. Bwana Idarusi aliripoti mji mkuu kwamba maduara yameanza kufanya kazi.

*

Kesi ilisikilizwa Jumanne. Mashtaka yalikuwa mawili: kuiba madebe manne ya chokaa ya Serikali, na kuchafua maji ya nyumba iliyothibitishwa kuwa safi. Hakimu alikuwa mtu makini, aliyezoea kusikiliza huku amefumba macho.

"Umekosa au hukukosa?"

"Nimekosa," alisema Masudi.

Hakimu alifumbua macho. Si kawaida.

"Umekosa nini?"

"Nilipaka duara bila kukagua. Mwanamke alikufa. Watu wawili wakafuata, nao walikunywa mbele yangu. Nikaandika uongo katika daftari."

Hakimu aliipekua karatasi ya mashtaka, mbele na nyuma.

"Hayo hayamo."

"Naomba yatiwe."

"Mshtakiwa, mahakama haiwezi kumpa mtu kosa ambalo hakushtakiwa kwalo. Huo utakuwa upendeleo. Wapo watu nje wanaongojea makosa yao kwa miezi, nao hawajaruka foleni." Akamgeukia karani wa mahakama. "Andika kwamba mshtakiwa amekiri chokaa. Mengine ni majonzi, nayo hayana kifungu."

Masudi alipewa miezi tisa. Alihukumiwa hivyo kwa siku pekee katika wiki mbili zile ambayo aliifanya kazi kama sheria ilivyoandika.

Alipokuwa anatolewa, Mwanamvua alikuwa amesimama penye ngazi za mahakama, amejifunika kanga ya msiba. Askari alimruhusu asogee, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa Mabondeni.

"Nina swali moja," alisema Mwanamvua. "Siku ile matangani. Juu ya kinu. Ulikuwa unatania?"

"Sikuwa."

Mwanamvua alikuwa ameshika kofia mkononi, ile iliyokuwa na sindano, na sindano ilikuwa bado ipo pale ilipoachwa.

"Mama naye hakuwa," alisema.

Hakumtukana. Masudi alingoja atukanwe, mpaka askari akamvuta.

Gereza la Kitulizo liko nyuma ya soko, na lina mlango mmoja wa nje, wa mbao. Askari alipotafuta ufunguo Masudi aliinua macho, akaliona juu ya mlango: duara jeupe, zuri, lenye mwanya mdogo upande wa chini, upana wa kidole. Alijaribu kukumbuka ni siku ya ngapi. Ilikuwa ya nne. Ilikuwa asubuhi. Hawakusimama hata dakika.

Ndani walikuwamo wafungwa thelathini na wawili katika chumba cha watu kumi. Wawili walikuwa wamelala ukutani, magoti yamekunjwa tumboni. Askari jela, mtu mnene mchangamfu, alimkaribisha kama mgeni wa heshima.

"Bwana Karani mwenyewe! Pole kwa jua. Kaa, kaa hapo." Akampa kikombe cha bati kilichojaa hadi ukingoni. "Kunywa kwanza."

Masudi alikishika kwa mikono miwili.

"Maji haya mmeyatoa wapi?"

"Kisimani, hapo uani. Wote tunakunywa hayo hayo."

"Na wale wawili wana nini?"

"Wale? Uvivu. Humu hakuna mgonjwa, unajua mwenyewe."

"Nani alikikagua kisima?"

Askari jela alicheka kwa furaha, akampiga begani. Aliwahi kusikia kwamba watu wa Mlimani wana utani mwingi, ila hakutegemea kama ni kiasi hicho.

"Nani alikikagua!" alisema, akifunga mlango wa nondo kati ya wafungwa na ua. "Si wewe?"

Masudi aliweka kikombe chini bila kumwaga hata tone. Kutoka pale alipokaa hadi kisimani zilikuwa hatua tisa. Alizihesabu kwa macho, halafu akazihesabu tena.